Shajara ya mradi: Mazda CX-5 kutoka Leicester hadi Nairobi kwa msamaha wa mkaazi anayerejea

Gari: Mazda CX-5, petroli, injini ya cc 1998, gia za mkono, usukani kulia. Limesajiliwa Uingereza kwa mara ya kwanza tarehe 27 Septemba 2018. Mwenye gari ni Mkenya aliyeishi Uingereza miaka sita na sasa anarudi kukaa. Lengo: gari lifike Mombasa, litolewe bandarini bila ushuru kwa njia halali, lipate nambari za Kenya. Shajara hii inafuata kazi ilivyokwenda, pamoja na yaliyokwama na sababu zake.

10 Februari 2025. Je, kuna haja?

Kabla ya kuuliza bei ya meli, piga hesabu ya kodi. Kwa gari la abiria lenye injini inayozidi cc 1500, Kenya hutoza ushuru wa forodha wa asilimia 35 ya thamani ya CIF, yaani bei ya gari, bima na nauli ya meli. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya yote. Tuseme CIF ni shilingi 2,000,000. Forodha ni 700,000. Ushuru wa bidhaa unatozwa kwenye 2,700,000, nao ni 675,000. VAT inatozwa kwenye 3,375,000, nayo ni 540,000. Jumla ya kodi hizo tatu ni 1,915,000. Kwa ufupi, unalinunua gari mara ya pili.

Watu wengi huweka risiti ya ununuzi kwenye hesabu hii wakidhani ndiyo thamani. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haianzi na risiti. Inaanza na orodha yake ya bei za rejareja za magari mapya, inayojulikana kama CRSP, kisha inapunguza kwa kadiri ya umri wa gari. Gari ulilolipata kwa bei ya kutupa kule Leicester linaweza kuthaminiwa juu zaidi likifika Kilindini, bandari ya Mombasa.

Bila msamaha, gari hili lingeuzwa Uingereza na lingine kununuliwa Nairobi. Kwa hiyo mradi mzima unasimama juu ya msamaha, na msamaha unasimama juu ya tarehe.

17 Februari. Kalenda nne

Msamaha wenyewe umo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, sehemu inayohusu mizigo ya abiria na vitu vya matumizi binafsi. Anayehamisha makazi anaruhusiwa gari moja, awe amefikisha miaka 18, na gari lisiwe basi la abiria zaidi ya 13 wala la mizigo linalobeba zaidi ya tani mbili. Masharti haya yanaeleweka upesi. Kinachowaangusha watu ni tarehe, na ziko za aina nne, kila moja na hesabu yake.

Ya kwanza ni miezi 12 ya kulimiliki na kulitumia gari nje ya Jumuiya. Muda wa safari ya baharini hauhesabiwi. Gari hili lilinunuliwa 14 Juni 2024, kwa hiyo haliwezi kukabidhiwa kwa msafirishaji kabla ya 14 Juni 2025. Tumeongeza wiki kadhaa za tahadhari.

Ya pili ni miaka miwili ya kuishi nje, na ndani ya miaka hiyo miwili mwenye gari asiwe amekaa Kenya kwa vipindi vinavyofika jumla ya siku 90. Hapa ndipo likizo hugeuka mtego. Tumefungua pasipoti na kuhesabu mihuri: siku 24 Desemba 2023, siku 31 Julai 2024, na siku 19 zilizokwisha kukatiwa tiketi kwa Aprili 2025. Jumla 74. Kulikuwa na mpango wa wiki tatu nyingine mwezi Juni, kwa arusi ya ukoo. Sabini na nne na 21 ni 95. Safari ya Juni imefutwa leo. Uamuzi huo umeuma, lakini arusi ya wiki tatu ingegharimu karibu shilingi milioni mbili.

Ya tatu ni umri wa gari. Kiwango cha Kenya cha KS 1515:2000 kinakataa gari lililopita miaka minane, na KEBS, shirika la viwango la Kenya, huhesabu kwa mwaka wa usajili wa kwanza. Gari la 2018 linakubalika likifika Kenya hadi 31 Desemba 2025. Likitia nanga siku moja baadaye, halikubaliki hata kama lilipakiwa Agosti. Tofauti kati ya mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa nayo isizidi mwaka mmoja.

Neno kuhusu nambari za Uingereza. Gari hili lina "68" kwenye nambari yake, na watu husoma 68 kuwa ni 2018. Nambari za 68 zilitolewa kuanzia 1 Septemba 2018 hadi mwisho wa Februari 2019. Magari mawili yenye 68 yanaweza kuwa na mwaka mzima wa tofauti mbele ya KEBS. Usikisie kwa kutazama nambari, soma tarehe ya usajili wa kwanza ndani ya logibuku.

Ya nne ni siku 90 tangu mwenye gari mwenyewe aingie Kenya. Gari na vitu vya nyumbani viwe vimeingia ndani ya muda huo. Kamishna anaweza kuongeza muda, ila usizidi siku 360 tangu kuwasili, na ni ombi la maandishi lenye sababu.

Tarehe ya ndege imewekwa 2 Septemba 2025. Siku ya 90 ni 1 Desemba. Mwisho wa umri ni 31 Desemba. Kwa hiyo kinachobana zaidi ni 1 Desemba.

3 Machi. Karatasi za umiliki

Logibuku ya Uingereza, V5C, imeandikwa wazi kwamba si ushahidi wa umiliki. Inamtaja mtunza gari aliyesajiliwa tu. Forodha wa Kenya wanataka kuona kwamba gari ni lako na ulilitumia, kwa hiyo V5C peke yake haitoshi. Faili ya gari hili sasa ina V5C asilia yenye jina la mwenye gari na tarehe ya kulipata, ankara ya ununuzi yenye nambari ya chasisi, taarifa ya benki inayoonyesha malipo, vyeti viwili vya MOT (ukaguzi wa kila mwaka wa magari Uingereza), na bima ya miezi 12 mfululizo. Bima ndiyo ushahidi mzuri kuliko yote wa matumizi, kwa kuwa ina jina, anwani na tarehe.

Waliokopa wawe makini hapa. Gari la PCP, mkopo wa Uingereza wa kulipa kila mwezi, au la kukodi kwa miaka ni mali ya kampuni ya fedha mpaka deni liishe. Ukilipa salio lote Mei na kusafirisha Juni, afisa ana haki ya kuuliza ulilimiliki tangu lini. Gari la kazini lililoandikwa kwa jina la mwajiri halifai kabisa. Gari hili lilinunuliwa kwa fedha taslimu, kwa hiyo halina neno.

Majina. Pasipoti, V5C, cheti cha PIN ya KRA (nambari ya mlipakodi) na baadaye hati ya shehena ya kampuni ya meli vyote viwe na jina lilelile, kwa mpangilio uleule. V5C ya gari hili ilikosa jina la kati. Imerudishwa DVLA, idara ya usajili wa magari Uingereza, kusahihishwa sasa, wakati bado kuna nafasi. Marekebisho ya jina hayafuti tarehe ya kulipata gari, lakini hakikisha mpya ikifika.

12 Mei. Kontena au meli ya magari

Meli za magari, ambazo gari huendeshwa hadi ndani, huwa nafuu na hazihitaji kufunga wala kufungua kontena. Lakini gari huenda tupu, bila hata koti kwenye kiti cha nyuma, na funguo hubaki mikononi mwa wengine safari nzima. Kwa anayehama na vyombo vya nyumba, kontena la futi 20 lina faida.

Vipimo vya ndani vya futi 20: urefu mita 5.89, upana 2.35, kimo 2.39. Mlangoni ni finyu kidogo, upana 2.34 na kimo 2.28. CX-5 ina urefu wa mita 4.55, upana 1.84 bila vioo vya pembeni, na kimo cha karibu 1.68. Inabaki mita 1.34 mbele au nyuma ya gari, na sentimita 51 tu za upana kwa pande zote mbili pamoja. Ukiliweka gari katikati, kila upande unabaki na sentimita 25 hivi, na dereva haachiwi nafasi ya kutoka. Linaegeshwa karibu na ukuta wa kushoto, sentimita 10, ili upande wa dereva ubaki na takriban 40. Mtu mwembamba anapita.

Tumechagua kontena.

16 Juni. Ukaguzi wa KEBS

Gari lililotumika lazima likaguliwe Uingereza na kampuni iliyoteuliwa na KEBS kabla ya kupakiwa, na hupewa cheti cha kufaa barabarani. Kufika Mombasa bila cheti ni kukaribisha faini na siku za kukaa bandarini.

Yaliyotengenezwa kabla ya ukaguzi: tairi mbili za mbele zilizobaki na milimita 2, taa ya onyo ya eabegi iliyowaka kwa sababu ya waya uliolegea chini ya kiti, na kutu kwenye bomba la breki nyuma. Kutu ni ugonjwa wa magari ya Uingereza. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula mabomba na vishikio vya chini, na mwenye gari haoni mpaka gari liinuliwe. Chini kote kumeoshwa kwa maji ya shinikizo. Tope na majani havitakiwi kuvuka bahari.

Gari lilipita, lakini cheti kilikuja na kosa. Mita ya Uingereza husoma maili, nayo ilikuwa 48,200. Cheti kiliandika kilomita 48,200. Kwa kilomita ni 77,570. Mtu anaweza kusema kosa hilo halimdhuru mwenye gari. Linamdhuru, kwa kuwa historia ya MOT inasema maili, na afisa akiona hati mbili za gari moja zinapishana kwa kilomita elfu 29 atashuku kwamba mita imerudishwa nyuma. Cheti kimerekebishwa ndani ya siku nne. Siku ya ukaguzi piga picha ya mita ikionyesha kipimo, na usome cheti kabla ya kuondoka.

30 Juni. Vifaa vya kuongeza

Gari hili lilitoka kiwandani bila tairi la akiba. Lina chupa ya gundi na pampu ndogo tu. Kwa barabara ya Mombasa hadi Nairobi usiku, hilo halikubaliki. Limenunuliwa rimu na tairi kamili la 225/65 R17, jeki, spana ya magurudumu na pembetatu mbili za tahadhari.

Vipuri: vichujio vya oili na hewa, pedi za breki za mbele na nyuma, plagi nne. CX-5 nyingi zilizoko Nairobi zilitoka Japani zikiwa zimetumika, na baadhi ya nambari za vipuri hutofautiana na za soko la Ulaya. Agiza kwa nambari ya chasisi, usitaje modeli na mwaka pekee.

Taa za mbele hazibadilishwi, kwa sababu Uingereza na Kenya huendesha upande uleule. Redio nayo inashika masafa yote ya FM ya Kenya, tofauti na redio nyingi za magari ya Japani. Ramani ya gari ni ya Ulaya, haitasaidia kitu.

7 Agosti. Kupakia

Mafuta: tangi ni la lita 56 na mpaka ni robo. Tumeacha lita saba hivi, zinazotosha kuliingiza, kulitoa na kufika kituo cha petroli.

Gari limeingizwa kwa pua. Gia ya kwanza imeingizwa na breki ya kuegesha imevutwa. Magurudumu yote manne yamezuiwa mbele na nyuma kwa mbao za sentimita 10 kwa 10, zikapigiliwa kwenye sakafu ya kontena. Mikanda minne ya kukaza imepitishwa kwenye magurudumu yenyewe hadi pete za sakafuni. Usifunge kwenye mikono ya sospensheni. Gari litacheza juu ya springi zake baharini, mkanda utalegea na kukaza mara elfu, na mwishowe kitu kitapinda. Gurudumu likifungwa, mwili wa gari uko huru kunesa bila kuvuta kitu.

Betri ilitaka fikra. CX-5 hii ina breki ya umeme, na kufuli ya buti ni ya umeme pia. Ukikata betri kisha ukafunga kila kitu, kule mwisho hutafungua buti, breki haitaachia, na kamba ya kufungulia boneti iko ndani ya gari. Mpangilio uliotumika: breki imevutwa kwanza, kioo cha dereva kimeachwa wazi sentimita tatu, waya hasi wa betri umefunguliwa, boneti imeshushwa bila kubanwa na kufungwa kwa kamba. Ufunguo wa chuma ulio ndani ya rimoti umejaribiwa kwenye mlango wa dereva kabla ya lakiri kupigwa. Jaribu huo ufunguo. Magari mengi hayajawahi kufunguliwa kwa ufunguo wa chuma tangu yauzwe.

Mizigo ya nyumba imekaa kwenye ile mita 1.34, nyuma ya ukuta wa mbao za plaiwudi uliosimamishwa kati yake na gari. Masanduku yenye vyombo yako chini, nguo juu. Mifuko miwili ya chumvi ya kunyonya unyevu imetundikwa. Kontena linalopitia joto na baridi kwa zamu hutoa jasho darini, na matone hayo huacha kuvu kwenye viti.

Uzito uliothibitishwa, ambao SOLAS, sheria ya kimataifa ya usalama baharini, inautaka kwa kila kontena tangu 1 Julai 2016: gari kilo 1,480, kontena tupu 2,250, mizigo 310, mbao na mikanda 60. Jumla 4,100. Nambari ya lakiri imepigwa picha.

8 Agosti. DVLA

Leo, baada ya gari kutoka barabarani, ndipo sehemu ya kupeleka gari nje kwa kudumu imejazwa kwenye V5C, ikakatwa na kutumwa DVLA. Kutuma mapema kunaondoa kodi ya barabara, na gari lisilo na kodi haliwezi kuendeshwa kwenda kupakiwa. Kodi ya miezi kamili iliyobaki hurudishwa.

Tuma kipande hicho tu. Wako wanaotuma V5C nzima Swansea, kwenye makao ya DVLA. Sehemu kubwa iliyobaki ndiyo karatasi ambayo forodha wa Kenya na NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya, watataka kuishika mkononi, ikiwa asilia.

19 Agosti. Rasimu ya hati ya shehena

Rasimu imefika, na nambari ya chasisi ina herufi O mahali pa sifuri. Nambari za chasisi zenye tarakimu na herufi 17 hazitumii kamwe I, O wala Q. Ukiziona, kuna kosa, huhitaji hata kwenda kwenye gari kuhakiki. Imesahihishwa siku hiyohiyo bila malipo kwa sababu meli haijaondoka. Baada ya orodha ya shehena kuingizwa katika iCMS, mfumo wa forodha wa KRA, badiliko la herufi moja linahitaji ombi, ada na siku kadhaa, huku kontena likihesabiwa gharama.

Mengine yaliyohakikiwa: jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye pasipoti na PIN, mwisho wa safari ni Mombasa. Kontena lililoandikiwa Nairobi hupelekwa kwa reli ya SGR hadi bandari kavu ya Embakasi. Njia zote mbili zinafanya kazi, lakini chagua kabla, maana kubadilisha katikati kunachosha. Tumechagua Mombasa kwa kuwa wakala yuko huko.

Bima ya baharini imenunuliwa kwa kampuni iliyosajiliwa Kenya, kama sheria inavyotaka kwa mizigo inayoingia nchini. Bima ya kawaida ya gari ya Uingereza haifuati gari ndani ya kontena.

2 Septemba. Mwenye gari ametua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi

Hesabu ya zile siku 90 inaanzia leo. Muhuri wa kuingia umepigwa picha. Imepangwa makusudi atangulie yeye kabla ya meli. Gari likifika kabla ya mwenyewe, ombi la msamaha halina pa kushika, na kontena linakaa likilipiwa.

Pasipoti ya zamani imeletwa pia, iliyobatilishwa. Miaka miwili ya kuangaliwa iko ndani ya zote mbili.

29 Septemba. Meli imechelewa

Ilitarajiwa jana. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, meli nyingi za Ulaya zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Suez, na kontena hili lilihamishiwa meli nyingine njiani, likasubiri huko. Hakuna la kufanya. Ndiyo sababu tuliacha wiki tisa kati ya tarehe ya kufika iliyotarajiwa na 1 Desemba. Mtu aliyeacha wiki mbili angekuwa anaandika barua kwa Kamishna sasa hivi.

Muda huu umetumika kukabidhi faili kwa wakala wa forodha: pasipoti zote mbili, kibali cha ukaazi wa Uingereza, barua ya mwajiri wa zamani yenye tarehe ya mwisho wa kazi, V5C, ankara, cheti cha ukaguzi, bima za zamani, PIN, na orodha ya vitu vya nyumba.

16 Oktoba. Kilindini

Meli imetia nanga. Siku ya 44 kati ya 90. Ada za kampuni ya meli zimelipwa na hati ya kuachilia mzigo imetolewa. Hati ya shehena iliachiliwa kwa teleksi, hivyo hakukuwa na karatasi ya kusubiri kwa kuria.

21 Oktoba. Swali la forodha

Afisa amerudisha orodha ya vitu vya nyumba. Ilisema "masanduku 14, vyombo vya nyumbani". Maneno hayo hayamwambii kitu. Imeandikwa upya sanduku kwa sanduku, na ndani yake kila kitu na idadi yake. Televisheni moja iliyokuwa bado ndani ya boksi lake la dukani imetengwa na kutozwa kodi, kwa haki kabisa: msamaha ni wa vitu vilivyokuwa vikitumika katika makazi ya zamani, na hiyo haikuwahi kuwashwa. Anayehama afungue maboksi ya vitu vipya na kuvitumia miezi kabla ya safari, au akubali kuvilipia.

Kuhusu gari, hakuna swali. Siku 74 zilihesabiwa upya na afisa kutoka kwenye mihuri, moja baada ya nyingine.

24 Oktoba. Kufungua kontena

Kituo cha makontena, saa tatu asubuhi. Lakiri imelinganishwa na hati, ikakatwa. Chasisi na nambari ya injini zimesomwa kwenye gari na kulinganishwa na V5C. Mbao moja ya kuzuia gurudumu ilikuwa imeng'oka, mikanda yote ilikuwa imekaza bado.

Betri iliunganishwa, ikaonyesha volti 11.8. Haikuweza kuzungusha injini wala kuachia breki. Betri ya kuazima ya volti 12 ilifanya vyote viwili ndani ya dakika kumi. Hakikisha wakala anakuja nayo. Vituo vingi havina, na kulivuta gari lenye breki ya umeme iliyofungwa kunaharibu kaliper za nyuma. Baada ya umeme kurudi, vioo vya madirisha vilihitaji kushushwa na kupandishwa hadi mwisho kimoja kimoja ili vijifunze upya. Hakuna kuvu. Ile mifuko miwili ilikuwa imejaa maji.

28 Oktoba. Limeachiliwa

Msamaha umekubaliwa kwa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT. Gari halina nambari, kwa hiyo halikuendeshwa barabarani. Limepandishwa kwenye lori la kubeba magari hadi Nairobi.

Walioko Marekani, Ujerumani au Oman wameuliza habari za usukani wa kushoto. Magari hayo hayaingii Kenya kwa matumizi ya kawaida. KRA ina utaratibu wa kumruhusu mkaazi anayerejea kutoka nchi hizo kuleta mbadala wa usukani wa kulia, thamani yake isizidi ya lile alilokuwa nalo, na awe na uthibitisho kwamba aliliuza kabla ya kurudi. Tunza hati za mauzo. Wanaokwenda Tanzania wanatumia Jedwali la Tano hilohilo la Jumuiya, lakini miaka minane ya KEBS ni ya Kenya peke yake.

11 Novemba. NTSA

Maombi ya usajili yamefanywa kupitia eCitizen, kwa PIN ileile iliyotumika forodhani, na nambari zimetoka. Bima ya Kenya imeanza siku hiyohiyo, kabla ya gari kugusa barabara. Kwenye mipangilio ya gari, kipimo cha kasi cha dijitali kimebadilishwa kuwa kilomita. Saa ya mshale bado ni ya maili, na kilomita zimeandikwa ndogo ndani yake. Kibandiko cha 50, 80 na 110 kimewekwa kwenye kioo chake, mahali mshale unapofikia kasi hizo.

Faili nzima, pamoja na barua ya msamaha, imehifadhiwa na logibuku mpya. Gari hili likiuzwa au kuhamishiwa mtu asiye na haki ya msamaha, ushuru unaweza kudaiwa kwa viwango vya siku ya kuliuza, na karatasi za kwanza zitakazoulizwa ni hizo.